Kupeleka familia porini mwezi wa sita, watu wakalala vizuri na wakala vizuri

Mtu akinipigia simu kwamba anataka kupeleka familia yake porini, swali lake la kwanza ni je simba tutawaona? Na mimi namuuliza, mama yako anapanda ngazi ngapi bila kupumzika? Wanacheka ila mimi sitanii. Nimepika kwenye safari za kempingi miaka mingi, naondoka Moshi na majiko na masufuria yangu naelekea Manyara, Tarangire, Ngorongoro, na nilichokiona ni kwamba watu wakirudi wanasimulia wanyama, lakini kama waligombana njiani basi hawakugombania wanyama, waligombana kwa sababu kuna mtu kalala anatetemeka usiku kucha halafu mchana akapewa boksi lilelile lenye paja la kuku lililokauka. Simba humpangi wewe, akitokea katokea. Usiku na tumbo ndio vinapangika, na huko ndio naanzia kila safari.

Sasa hii ninayotaka kusimulia ilikuwa ya familia yetu wenyewe. Dada yangu mkubwa anaishi Sweden na mume wake wa hukohuko na watoto, na shule zao zinafungwa katikati ya Juni hivi, huku kwetu watoto wanakuwa likizo mwezi huo mpaka mwanzoni mwa Julai. Kwa hiyo ukitaka watoto wa pande zote wawe pamoja unabaki na kadirisha kadogo tu, mwishoni mwa Juni, na kadirisha hako ndiko kila mtu mwenye ndugu nje anakataka, na bei za loji nazo zinapanda muda huohuo, wengine wanaanzia Juni wengine Julai. Ndio maana nilianza kupiga simu Februari. Mama akaona nimechanganyikiwa, Februari mtu anapanga ya Juni? Nikamwambia mama, vyumba vya familia kwenye kambi nyingi ni viwili vitatu tu, vikishachukuliwa mtapewa mahema mawili yaliyo mbali, wewe huku wajukuu kule.

Halafu kuna hili la hali ya hewa. Kwao ni summer, dada akinitumia meseji anaandika "tunakuja summer" na watoto wamepaki kaptura na fulana za mikono mifupi na miwani ya jua. Nyie mnaoishi Moshi na Arusha mnajua Juni na Julai kukoje. Mlima haujitokezi siku nyingi, asubuhi mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, watu wanatembea na makoti. Sasa hapo ni Moshi, bado hujafika kwenye ukingo wa Ngorongoro ambao uko zaidi ya mita 2,200 juu. Nilimwandikia dada waziwazi, kila mtoto sweta mbili, koti moja la upepo, soksi nzito na kofia ya masikio, akanijibu kwamba hizo nguo ndio wanazikimbia. Ila alizileta.

Pamoja na baridi lakini, huo msimu ni mzuri sana kwa porini na nitakuwa muongo nikikwambia usubiri. Masika yameshaisha, barabara za ndani zimekauka, majani yameanza kupungua urefu kwa hiyo mnyama humtafuti kwa tochi. Aprili na Mei kambi kadhaa hata hufunga kabisa. Na Tarangire ndio kabisa, kadiri kiangazi kinavyosonga maji ya mabondeni yanakauka na wanyama wanarudi kwenye ule mto wenye jina la hifadhi, tembo wanakuja kwa makundi, wanachimba mchanga na kunywa. Kilele chake ni Agosti mpaka Oktoba ila mwisho wa Juni tayari kunaeleweka.

Serengeti niliikata mapema, na kelele zilikuwepo. Shemeji alikuwa ameangalia video zake za nyumbu. Lakini Mama ana magoti mabovu, na Arusha mpaka katikati ya Serengeti ni siku nzima kwenye gari, sehemu kubwa ni vumbi na makorongo, halafu siku nyingine nzima ya kurudi. Unalipia siku mbili za kukaa kwenye kiti. Nikawaambia tutaenda Tarangire, tutalala, tutahamia Karatu, tutalala, tutashuka kreta, lile bonde la Ngorongoro lenye wanyama, tutarudi Karatu kulala tena. Kila mguu wa safari masaa machache tu. Shemeji akanuna kidogo, dada akamwambia kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, yakaisha.

Kwenye malazi nitakaa kidogo maana hapa ndipo watu wanapigwa. Picha usiziamini hata kidogo. Sio kwamba zinadanganya, kitanda kweli kipo na shuka jeupe kweli lipo, ila picha haikuonyeshi kwamba kutoka hema lako mpaka sehemu ya kulia ni mita mia tatu za mawe na ngazi. Mimi napiga simu na sitaki kuongea na mtu wa mauzo aliyeko Arusha mjini, naomba namba ya kambini kwenyewe niongee na meneja au hata mtu wa usafi. Namuuliza, hema la karibu kabisa na bwalo ni lipi? Kuna ngazi ngapi? Maji ya moto yanatoka muda wote au ya ndoo mnayopandisha jioni? Umeme ni wa sola au jenereta, na kama ni jenereta mnazima saa ngapi? Mablanketi mnatoa mangapi kwa kitanda? Mtu wa usafi atakwambia ukweli wote, atakwambia hata hema namba fulani lina choo kinachosumbua.

Na uliza bei kwa namna hii: kwa mtu au kwa chumba? Kwenye loji nyingi bei unayotajiwa ni ya kichwa kimoja mkiwa wawili chumbani, mtu anasikia laki tatu anafurahi kumbe ni laki sita. Halafu uliza bei ya mkaazi, usisubiri kuambiwa. Wengi wanayo, ila ukiandika kwa kiingereza kwenye fomu unapewa ya mgeni, ukipiga simu ukaongea kiswahili ukasema sisi ni wa hapahapa Moshi bei inakuwa nyingine kabisa, ila beba kitambulisho cha taifa maana wataomba. Shemeji alilipa ya kwake ya mgeni na hakuna ujanja hapo, ni mgeni, hata getini hifadhi inamtoza tofauti na sisi. Vinywaji karibu kila mahali havimo hata ukiambiwa milo yote mitatu imo, watoto wakiagiza soda tatu tatu utakuja kushtuka siku ya kuondoka.

Tarangire tulilala nje ya hifadhi, sio ndani. Ndani kuna raha yake, ila kuna tozo ya juu inayoongezwa kwa kulala humo, na kwa familia kubwa inauma. Nje kidogo ya geti kuna kambi nzuri tu na tembo hawajui mpaka uko wapi, wanapita. Ndio maana usiku hutembei mwenyewe, unapiga tochi au filimbi anakuja askari anakusindikiza kwenda kula na kukurudisha.

Mama sasa. Alipoambiwa hema alikataa katakata. "Nimezaa watoto sita nimewajengea nyumba ya tofali, leo mnilipie hela nyingi nikalale kwenye turubai?" Nikamwambia mama twende ukaone ukikataa tutakurudisha Arusha kwa shangazi. Alipofika akakuta sakafu ya mbao, kitanda kikubwa kuliko cha kwake Kibosho, neti, choo cha kukaa kipo nyuma humohumo na bafu. Akakikalia kitanda akabonyeza godoro mara mbili tatu, akasema basi leteni begi langu. Saa tatu usiku akakuta chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye kitambaa imewekwa miguuni, asubuhi alikuwa anaulizia inauzwa wapi.

Kule Karatu tulichukua nyumba ndogo za matofali kwenye shamba la kahawa. Wengi wanang'ang'ania kulala ukingoni kabisa ili waamke wanaiona kreta, na siwalaumu, kama mpo wawili na mna hela kalaleni. Ila na mzee na watoto, kule juu usiku ni baridi ya kuumiza mifupa, asubuhi ukungu umefunika huoni hata hiyo kreta uliyoilipia. Karatu iko chini zaidi, ina joto kidogo, bei ya kibinadamu, na kutoka hapo mpaka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ni mwendo mfupi sana.

Haya, chakula. Hapa nina maneno mengi, mnivumilie.

Lanchi boksi ndio adui. Nimezifunga mwenyewe mamia kwa hiyo nazifahamu: paja la kuku la jana, yai la kuchemsha, keki ndogo, ndizi, juisi ya boksi, biskuti. Siku ya kwanza unakula, siku ya pili unatoa yai tu, siku ya tatu unampa dereva. Kwa hiyo kwenye kupanga nilikubaliana na loji kwamba tunalipia asubuhi na jioni tu, mchana najitegemea. Kwa siku ya Tarangire nilipika nyumbani Moshi usiku wa kuamkia safari. Ndizi nyama na mtori, kuku wa kienyeji niliyemchemsha kwanza akalainika ndio nikamkaanga, maana wa kienyeji ukimkaanga moja kwa moja watoto wa Sweden watamaliza siku nzima wanatafuna. Mtori niliujaza kwenye chupa kubwa za chai zile za mdomo mpana, ukiisuuza chupa kwanza na maji yanayochemka mtori unatoka mchana unafuka moshi. Ndizi nyama kwenye hotpoti, nikazifunga na khanga mbili tatu nikaziweka chini ya kiti ambapo hazitingishiki. Kachumbari unabeba vitu vizima na kisu na ndimu, unakata hapohapo, usije na kachumbari iliyokatwa usiku inakuwa supu.

Vya baridi viko kwenye deli, lile boksi la kutunza ubaridi. Barafu ya kununua usiweke, inayeyuka inaloanisha kila kitu, gandisha chupa za maji ya kunywa siku mbili kabla ukazipange humo, zikiyeyuka mnakunywa. Na mifuko ya plastiki sahau, imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na wageni wanaambiwa wasishuke nayo hata uwanja wa ndege, kwa hiyo ni vyombo vya kufunika na vikapu. Kwangu hiyo imekuwa nafuu hata, kikapu cha ukili kinapitisha hewa, matunda hayachemki.

Tarangire kwenye sehemu ya kulia chakula kuna tumbili ambao nadhani wana shahada. Hawaji mbele, mmoja anakaa pale anakutolea macho unamwangalia, mwenzake anapita nyuma ya meza. Mpwa wangu mdogo alichukuliwa chapati mkononi akabaki ameshika hewa, akalia halafu akacheka. Weka mtu mzima mmoja kazi yake ni kusimama tu na fimbo, sio kupiga, kusimama, na wengine wale kwa zamu. Kreta kule kwenye bwawa la viboko la Ngoitokitok shida inatoka juu, mwewe. Anashuka kama jiwe anakunyang'anya nyama midomoni na kucha zake zinakata kweli, kwa hiyo hapo tulikula ndani ya gari milango imefungwa, watoto wakatoka baadaye kuangalia viboko mikono mitupu.

Hiyo siku ya kreta sikupika cha maana. Tuliondoka Karatu kabla hakujapambazuka vizuri, kila mtu kajifunika shuka la kimasai, nikawapa uji wa ulezi wenye maziwa na mandazi wakiwa garini. Uji wa moto pale getini wakati dereva anahangaika na vibali, ukungu umetanda, aisee yule shemeji alikunywa vikombe vitatu. Barabara ya kushuka ni kali, ni karibu mita 600 kutoka ukingoni mpaka chini, tumbo lililojaa ndizi nzito saa hiyo sio rafiki yako. Uji unatosha, chakula kizito kikija saa sita mkishazoea mtikisiko.

Sasa kuna jambo ambalo watu hawalijui, au wanaona aibu kuliuliza. Kila jiko la kambi linapika vyungu viwili. Kuna cha wageni, supu ya boga, nyama na mchuzi wa kizungu, viazi, keki. Na kuna cha wafanyakazi nyuma, ugali, maharage, mchicha, siku nyingine dagaa au nyama ya kuchemsha. Mama usiku wa kwanza alikula supu ya boga akaangalia sahani yake akaniuliza kwa sauti ya chini, "hiki ndio chakula au bado kinakuja?" Nikamfuata mpishi mkuu, nikamsalimia kama mtu wa kazi moja, nikamwomba kama hatajali kesho mama ale cha nyuma. Yule bwana alifurahi kuliko mimi. Kesho yake mama kaletewa ugali na maharage ya nazi na mboga kwenye sahani ya wageni na kitambaa cha kukunja, meza nzima ikaanza kuchungulia, mwisho tukala wote. Ila omba siku moja kabla na omba kwa heshima, maana kile chungu kimepimwa kwa idadi ya wafanyakazi, ukiibuka saa mbili usiku unamnyima mtu chakula chake.

Na kwenye hilohilo la chungu, mpwa wangu mkubwa ana aleji ya karanga, na nyinyi mnajua mchicha wetu unavyoungwa karanga. Hiyo niliiandika kwenye meseji wakati wa kubuku, nikaisema tena kwa simu wiki moja kabla, nikaisema tena uso kwa uso tulipofika, na bado niliingia jikoni kuangalia. Kuna kambi moja huko nyuma nikiwa kazini, sitaitaja, ujumbe wa mgeni asiyekula samaki uliishia kwenye kompyuta ya mjini, mpishi hakuwahi kuuona. Usiseme tu "hali karanga". Sema karanga, siagi ya karanga, mboga iliyoungwa karanga, na kijiko kilichotoka kwenye sufuria yenye karanga.

Mengine madogo nitapita haraka. Tarangire kuna mbung'o sehemu zenye vichaka, wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, vaa kaki au rangi ya udongo, Mama alikuwa na kitenge cha bluu tukambadilisha. Hela taslimu getini haisaidii, malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, mwenye gari atengeneze mapema ukapite tu. Mto wa Mbu simama ununue ndizi nyekundu ila kula ukiwa umeshapanda gari, ukisimama sana utaondoka na vinyago ambavyo hukuvipanga. Noah yako iache nyumbani, kreta hushuki na gari isiyovuta magurudumu manne, chukueni Landkruza ya paa la kuinuka na mkae mkijua kila mtu anahitaji dirisha, hasa watoto, mkibanana kumi kwenye gari moja kwa kubana matumizi mtachukiana.

Na dereva. Huyu watu wanamsahau kabisa, wanapiga hesabu ya vyumba wanahesabu vichwa vya familia tu. Loji nyingi zina vyumba vya madereva ila sio zote, na vingine ni vitanda sita chumba kimoja karibu na jenereta. Mimi nikipiga simu nauliza chumba cha dereva kikoje, ana blanketi ngapi, anakula nini na kipo kwenye bei au analipa kwa posho yake. Kambi ya kwanza walisema hawana nafasi, alale kwenye gari kama anavyofanyaga. Nikawaambia basi ongezeni kitanda kimoja cha bei ya mkaazi, tutakilipa. Dada akauliza kwa nini tulipe hiyo wakati gari tumeshalilipia na dereva wake, nikamwambia dada, keshokutwa alfajiri huyu ndiye anamshusha mama kreta kwenye ukungu. Akatoa hela bila neno lingine.